Fundo la Kushoto

Jumamosi, saa moja, ukungu bado umelalia Magamba,
tulikutana penye kizuizi cha msitu,
watu kumi na wanane na viroba vya unga
vilivyokung'utwa nusu nusu,
ukikipiga kimoja kinakupaka weupe wa ugali wa jana.
Mwalimu Kaoneka akagawa vijiti vyenye msumari nchani.
"Onga makeo," akasema, na hotuba ikawa fupi,
baridi haikuruhusu ndefu.

Mimi sikwenda kwa mapenzi ya msitu, nisidanganye.
Meza yangu ya karanga ipo pale njia inapoanzia,
na ukiambiwa "mama, twende nawe" mbele ya wateja
huwezi kusema una mgonjwa nyumbani.

Tukapanda.
Chupa kwanza. Chupa hazijui kujificha,
zinang'aa mtaroni kama macho ya mlevi.
Kisha betri za tochi, nepi, kandambili moja
(mwenyewe alishukaje mlima na mguu mtupu?).
Kwenye mizizi ya mkulo Mwanamvua akapiga yowe:
kinyonga wa pembe mbili ametulia juu ya pakiti ya biskuti,
amejaribu wekundu ule, ameshindwa,
amebaki kijani na aibu yake.
Tukacheka. Hata mbega juu walinyamaza kutusikiliza.

Kicheko changu kiliishia kona ya tatu.

Kifuko kidogo, kitupu, kimeraruliwa ubavuni kwa meno,
fundo lingali limekaza.
Fundo limelalia kushoto.

Gumba langu la kulia halikunji
tangu panga la kukatia majani ya ng'ombe, nikiwa darasa la nne.
Nafunga kinyume: mizunguko mitatu, kisha navuta kwa jino.
Lushoto nzima hakuna mwingine anayefunga hivyo.
Nikakidumbukiza kirobani haraka,
kama mtu aliyekuta nguo yake ya ndani barabarani.

Kikaja kingine. Na kingine, chini ya jani la mgombakofi.
Viwili kijitoni, vimevimba maji,
samaki wasio na macho.
Kimoja kimeshaota kuvu, na chini ya kuvu
fundo langu, jipya kama la jana.
Yule aliyekula karanga zile
pengine ameshaoa, ameshahama, ameshakufa.

Juu kileleni Hoza akafungua daftari, akasoma:
chupa arobaini na mbili,
kandambili moja,
vifuko vya karanga mia moja na sita.
"Hawa wala karanga," akasema Mwanamvua, "hawana adabu kabisa."
Watu wakaguna kukubali.
Nami niliguna. Mungu anisamehe, niliguna kwa sauti.

Chini kule Mazinde ilionekana kama nguo iliyoanikwa.
Nikatazama kule muda mrefu kuliko kawaida.
Kisha nikatoa kimoja kirobani, nikakiweka kiganjani mwa mwalimu.
"Hebu fungua."
Akahangaika na kucha zake. Akakipitisha kwa Hoza, Hoza akashindwa.
Nikakichukua, nikageuza mkono, likafunguka.
Hakuna aliyesema neno.
Mwanamvua alinipa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake ya moto,
nikanywa ikiniunguza.

Jumatatu nilifunga karanga kwa majani makavu ya mgomba.
Chumvi inavuja, wateja wananung'unika,
konda mmoja kaniambia nimerudi zama za babu yake.
Siku ile niliuza nusu. Wiki iliyofuata, nusu na kidogo.
Kamba ya mgomba nayo, naona, inalalia kushoto.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ninapanda.
Majani yangu siyaoni tena, yameshakuwa udongo.
Vile vifuko vya zamani ndivyo ninavyovikuta:
mwezi uliopita tisa, mwezi huu kumi na viwili.
Mlima unanirudishia kimoja kimoja,
mdeni mwaminifu,
na mimi sikumbuki nilimkopesha vingapi.